Kikwembe cha Mama wa Kolwezi

Kuna kikwembe kimoja katika kabati langu ambacho nimekivaa mara mbili tu, na mara zote mbili nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni kitenge cha buluu iliyokolea, chenye maua ya manjano, kitambaa cha zamani kisichochuja hata ukifue namna gani. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita, tulipomzika Nkambo. Sisi wa Lubumbashi babu humwita nkambo, na bibi naye nkambo, na huyu ninayemsema ni babu yangu, mwenye parselle yetu, kiwanja na nyumba zake, mtaa wa Bel-Air, mume wa Nkambo Feza aliyetangulia zamani. Nilipokuwa nakipiga pasi kikwembe hicho asubuhi ya maziko, mwanangu wa kwanza aliniuliza kwa nini nakawia hivyo. Nikamwambia pasi ni nzito. Ukoo wote unaijua habari hii, wananitania nayo kila sikukuu, lakini mtoto niliyemzaa mwenyewe nimeshindwa kumweleza. Basi naandika, aje asome akiwa mkubwa, nami nisiwepo chumbani.

Mwaka ule Nkambo Feza alipofariki, nilikuwa nimemaliza masomo na kazi hakuna. Nilikuwa nakaa tu, na kukaa tu katika nyumba yenye watu wengi kunachosha kuliko kazi yoyote. Nililala chumba cha nyuma na Gisèle, binti wa mama mkubwa, chumba chenye dirisha linalotazama bomba la maji, na kutoka dirishani hapo tulisikia umbea wote wa mtaa bila kuutafuta. Hapo ndipo tulipopata wazo la kufungua ukurasa mtandaoni. Tuliuita Parselle Yetu. Tuliweka mambo ya nyumbani: namna ya kutwanga sombe, kisamvu chetu, bila kujirushia majani usoni, namna ya kusonga ugali wetu, bukari, lisiwe na mabonge, magomvi ya foleni ya bomba tukiyaigiza wenyewe kwa sauti za majirani. Hakuna aliyetulipa hata ndururu. Sisi ndio tuliokuwa tunajinyima sabuni na mafuta ya nywele ili tununue mega za intaneti. Nilikuwa nataka nini basi? Nimejiuliza miaka mingi, na jibu ni dogo, linatia haya: nilitaka watu nisiowajua wanijue. Nikiona alama ya moyo kutoka kwa mtu wa mji ambao sijawahi kuukanyaga, siku hiyo hata maharage ya juzi niliyala kwa furaha.

Na mtandao nao hautulii. Mwanzoni ulipenda picha, nasi tukapiga picha hadi kuku wakatuzoea. Siku moja picha zikaacha kwenda popote, hata mashangazi zetu hawakuziona. Tukahamia video. Video nazo zikawa ndefu mno, tukafupisha. Kisha ikasemekana kwamba sasa unataka watu wajibizane chini ya video, wasipojibizana haukusogezi. Gisèle alikuwa anausema mtandao namna wapangaji wanavyomsema mwenye nyumba. Alikuwa anaingia chumbani ameshika simu na kujitupa kitandani: "Masengo, banabadilisha tena! Sasa muntu akiona mwanzo iko muzito, anaruka. Mwanzo iwe moto, mon Dieu, la sivyo tunakufa na njaa ya bantu." Tulicheka, lakini tulilitii neno hilo kuliko tulivyowatii wazazi wetu. Mwanzo uwe moto. Ningejua ushauri ule ungenifikisha wapi, ningeitupa simu chooni.

Nkambo Feza alifariki mvua zilipoanza, wakati akina mama wanapouza bowa, uyoga wetu wa porini, kando ya barabara. Viti vya sebuleni vilitolewa nje, jeneza likawekwa katikati, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaketi wameegemea kuta, na Nkambo akawekwa kwenye godoro pembeni, miguu ameinyosha, kofia magotini. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu siku nyingi. Aliona mwanga na vivuli, sura hakuiona tena. Sasa, kwetu mzee akifa, wajukuu hawaachiwi walie kama wengine. Wana ruhusa ya kumtania marehemu. Tena si ruhusa, ni wajibu. Watamtukana, watavaa nguo zake, watamwiga mbele ya jeneza, na msiba usio na utani wa wajukuu unahesabiwa kuwa wa mtu asiyependwa. Ila hawaanzi wenyewe. Sharti mwenye msiba awaite. Na ghafla Nkambo akainua kichwa, sauti imekauka kama ya mtu aliyelala na kiu, akaita: "Bajukulu bangu beko wapi? Feza anaenda na njaa ya kucheka. Mukuye mumucheke nkambo wenu!"

Nikaingia. Nilikuwa nimejifunga kikwembe chake cha jikoni juu ya kifua, kitambaa chake kichwani, nikiburuta mguu wa kushoto kwa sababu ya lile goti lake, nikikohoa kile kikohozi kifupi alichokuwa anakohoa kabla ya kumkamata mtu na kosa. Nikalipiga jeneza kofi. "We Feza! Amuka! Bantu bamejaa mu nyumba na sombe haiyatwangwa! Unalala tu, muvivu weye?" Wanawake wakaangua kicheko, machozi bado mashavuni. Kisha nikawa yeye, nikafunua sufuria isiyokuwepo, nikahesabu kwa kidole, nikakohoa tena. "Kichwa ya samaki iko wapi? Nauliza, kichwa ya samaki iko wapi?" Nikamnyooshea kidole Nkambo kwenye godoro lake, maana nyumba nzima ilijua mlaji wa vichwa vya samaki ni nani na kwamba walikuwa wamegombana juu ya vichwa hivyo ndoa yao yote. Nkambo alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alicheka akijifuta macho na ncha ya shati, akisema ndiye huyo, "Njo yeye! Njo yeye kabisa!" Gisèle alikuwa mlangoni na simu, anarekodi. Mpaka leo nasema kwamba saa ile sikukosea. Nilimpenda bibi yangu na nilimsindikiza namna anavyosindikizwa bibi.

Kosa lilikuja baadaye, mezani, mchana mweupe, nikiwa nimeshiba. Tulikaa na Gisèle tukiitazama video ile na kukata kipande cha kuweka kwenye ukurasa, kwa kuwa ukurasa ulikuwa umelala na kila kitu tulichoweka kilikuwa kinafia njiani. Gisèle akasema, "Mwanzo iko murefu. Muzee anaita, anaita, bantu bataruka." Nikasema kata. Kidole kilichokata ni changu, si chake. Nilikata sauti ya Nkambo akituita, na video ikaanza pale ambapo msichana analipiga jeneza kofi na mzee anacheka. Chini yake nikaandika "Kwetu Lubumbashi" na uso unaocheka. Mtu wa kwetu angeiona angejua. Lakini hatukuwa tunawatafuta watu wa kwetu, hao tulikuwa nao.

Siku za kwanza hakuna kitu. Kisha mtandao, kwa sababu zake wenyewe, ukaichukua video yetu na kukimbia nayo. Gisèle aliingia chumbani amefunika mdomo kwa kiganja. Watu walikuwa wanamiminika kutoka Kinshasa, Bujumbura, Dar es Salaam, na Wakongo wa Ulaya waliosahau au waliozaliwa huko. Nilifurahi, nakiri nilifurahi, nilicheza katikati ya chumba. Halafu nikaanza kusoma. "Watoto wa shetani, wanampiga maiti." "Mtazameni mchawi anavyocheka mbele ya mke wake aliyemla." Mchawi, mchawi, mchawi, mpaka chini kabisa ya ukurasa. Wengine walikikata kile kikohozi cha Nkambo Feza, wakakiweka kwenye video za mbuzi. Kikohozi cha bibi yangu kikatembea Afrika nzima kwenye midomo ya mbuzi. Na huku kwetu neno mchawi si mzaha. Wazee wamechomewa nyumba kwa neno hilo. Nilipaswa kuifuta video dakika ile. Nilishika simu nikiwa na nia hiyo, nikatazama idadi ya watu inavyopanda, nikasema nitaifuta kesho.

Kesho yake, baada ya chakula, Nkambo aliniita barazani. Fundi viatu wa jirani alikuwa amempasha kwamba Feza yuko mtandaoni. Nikafikiri nimekwisha. Kumbe alikuwa amevaa koti lake la kijivu, amechana ndevu, anangoja kama mtu anayesubiri picha. "Nisikilizishe," akasema. Nikamwekea simu sikioni. Alisikia kikohozi, akashika goti lake, akasema taratibu, "Feza." Akataka tena, na tena. Kisha akakunja uso. "Na mie? Njo mie nilibaita. Sauti yangu iko wapi?" Nikamwambia ilikuwa ndefu. "Ndefu kiasi gani? Neno mbili!" Alikuwa mzee wa hasira za karibu, Nkambo, anayegombana na redio na kuku wa watu, na nilingoja anipigie kelele. Lakini alikuwa na jambo jingine lililomvuta zaidi. "Banasema bantu beko mingi. Banasema nini juu yangu? Soma."

Nilitazama kioo cha simu. La kwanza mbele yangu lilikuwa la mwanamke mmoja wa hapa hapa mjini, Makomeno: "Muangalie muchawi anavyocheka." Yeye ananitazama kwa macho yake ya ukungu, kichwa kimeinama upande, tayari kupokea. Nikasoma: "Anasema, pole sana Papa, umenikumbusha mama yangu, nimelia." Sikufikiri. Ulimi ulienda wenyewe. Nkambo akatikisa kichwa polepole. "Anatokea wapi?" Makomeno, nikasema, kwa kuwa hilo angalau lilikuwa kweli. "Makomeno ni hapa tu! Andika: aksanti, mutoto yangu. Siku moja upite kwetu Bel-Air, tukule." Nikaandika neno kwa neno, kwa sababu alikuwa anasikiliza vidole vyangu kwenye kioo, na kwa sababu kuandika uongo na kusoma uongo kwa pamoja kulinishinda. Akaniambia niendelee. Mtu mmoja wa Burundi alikuwa amemtakia afe naye. Nikasoma kwamba anamtakia maisha marefu. "Andika: aksanti, na weye Mungu akuongezee." Tuliendelea hivyo mpaka makaa yakazima kwenye babula, jiko letu.

Sasa sikilizeni mtandao ulivyofanya. Watu waliomwita mzee mchawi wakapokea baraka, na wengi wakashikwa na butwaa. Wengine wakatukana zaidi ili waone atasemaje, wengine wakaomba msamaha, wengine wakaanza kumtetea, wakajibizana wao kwa wao usiku na mchana, na kujibizana ndiko mtandao ulikokuwa unakutaka msimu ule. Ukurasa ukapanda. Wakaja watu kwa ajili ya majibu yake tu. Wakaandika kwamba wamepata mzee wa hekima Lubumbashi, asiyerudisha baya kwa baya. Mzee wa hekima! Nkambo, aliyekuwa anamrushia jirani ganda la ndizi! Lakini sikucheka wakati ule. Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka. Gisèle alikuwa ananisomea idadi, na kila mchana baada ya kula Nkambo alikuwa anavaa koti, anakaa barazani na kuita, "Masengo! Bantu banatungojea." Siku nyingine alikataa kula kwanza. Nyama yake ikapoa, na mama mkubwa akasema hajamwona baba yake na uso mzuri hivyo tangu msiba.

Tatizo ni kwamba mtu hawezi kupokea pole zile zile kila siku. Akaanza kuuliza habari za watu. Ndipo nikamzaa Mama wa Kolwezi. Nilimtunga mchana mmoja nilipokosa la kusema: mjane wa Kolwezi, analala peke yake, ana goti bovu kama la Feza. Mtego nilioutega nikaukanyaga mwenyewe, maana kesho yake swali la kwanza lilikuwa, "Mama wa Kolwezi, goti yake iko namna gani?" Nikasema linauma. Akamtumia dawa: maji ya chumvi ya moto na majani. Nikasema limepata nafuu. Nikampa watoto, nikampa kanisa, nikampa jirani mgomvi ili Nkambo apate mtu wa kumkasirikia. Kwa Mama wa Kolwezi alisema mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu wa nyumbani: kwamba asubuhi anatandaza mkono kitandani akimtafuta Feza, kwamba anaona haya kulia mbele ya watoto wake. "Andika," alikuwa ananiambia, naye anageuza uso ukutani. Nami nilikuwa najifanya naandika. Kulikuwa hakuna pa kuyaandika. Nilikaa pale nikigongagonga kioo kitupu kwa kidole, nikisikia siri za babu yangu ambazo hakukusudia nizisikie mimi.

Gisèle alikuwa wa kwanza kuchoka. "Masengo, uku tunafika wapi?" aliniuliza siku moja tukiwa tunafua. "Muzee anamuombea muntu mwenye haiko." Nikamjibu kwa ukali kwamba Nkambo anakula, anacheka, anataka nini zaidi. Akakamua nguo, na tangu siku ile akawa analala amenipa mgongo. Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba nikisema ukweli, baraza litafungwa, Nkambo atarudi kwenye godoro lake, na ukurasa utakufa. Ningependa kusema niliogopa kumuumiza mzee tu. Niliogopa vyote, na ukurasa haukuwa wa mwisho.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ilipofika siku za kuondoa kilio, kumaliza matanga, wanawake waligawa nguo za marehemu kama desturi. Nkambo akaingia katikati yao akipapasa, akavuta kikwembe cha buluu chenye maua ya manjano, kile alichomnunulia Feza walipokuwa bado vijana. Mama zangu wote walikuwa wanakitamani. "Hii si ya muntu wa hapa," akasema. "Hii ni ya Mama wa Kolwezi. Yeye njo alinisaidia kulia." Mama mkubwa alikasirika, akasema mgeni gani huyo, lakini hakuna aliyethubutu kubisha. Nkambo akakifunga mwenyewe kwenye gazeti, akanikabidhi nikipeleke kituo cha mabasi ya Kolwezi. Nilitoka na kifurushi kwapani. Nilizunguka mjini, nikakaa kwenye benchi, nikala karanga, nikarudi na kukificha chini ya kitanda chetu. Siku ya pili nikamsomea kwamba Mama wa Kolwezi amekipokea na amekivaa kanisani. Nkambo akapiga makofi. Akaomba aongezewe bukari. Nilimtazama akila, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikajichukia waziwazi, bila kujitafutia maneno.

Jumamosi iliyofuata geti likagongwa. Tulikuwa tumeketi kula, bukari na samaki, kichwa kimewekwa kwenye sahani ya Nkambo. Akaingia mama mmoja mnene, amevaa vizuri, ameshika kuku mzima chini ya mkono, hatua zake za kusitasita. "Hodi. Natafuta Papa mwenye anajibu bantu ku intaneti," akasema. "Ni mie mwenye ulialika." Nkambo alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama wa Kolwezi!" akaita, mikono mbele. "Nilikuwa nakungojea! Goti yako ilivumilia safari? Na kikwembe ya Feza, umeivaa?" Yule mama akanitazama, akamtazama mzee, hakuelewa. "Hapana, Papa. Mie ni Béatrice, wa Makomeno. Nimekuya kuomba pardon. Nilikuita muchawi, na weye ukanijibu kwa aksanti, ukaniambia nikuye kula. Mwezi mingi sikulala vizuri juu ya ile." Kuku akapiga kelele chini ya mkono wake.

Nkambo alibaki amesimama. Kisha akageuza uso upande wangu, akanipata barabara kana kwamba anaona. "Masengo. Uyu uliniambia alilia juu ya mama yake." Nikasema ndiyo. "Aliandika muchawi?" Ndiyo, Nkambo. "Na bengine?" Nikasema wengi. "Mama wa Kolwezi eko?" Gisèle akanisukuma kwa kiwiko. "Haiko, Nkambo. Haiko hata siku moja." Akauliza tena: "Na goti yake?" Nikamwambia nilitunga. Hilo goti ndilo lililomvunja. Alikaa chini, mama mkubwa akawahi kumsogezea kiti. "Nilimuombea ile goti kila siku," akasema, si kwangu, kwa sahani yake. Nilipiga magoti nikaanza kulia na kusema samahani, samahani, na yeye akainua kiganja kunizuia. "Leta kikwembe."

Nilikivuta kutoka chini ya kitanda kikiwa bado kwenye gazeti lake. Akalichana, akakipapasa, akakinusa pindo kwa pindo. "Maneno yote ile muzuri, nani alisema?" Mimi, nikasema. "Na mambo yangu yote, nani aliyasikia?" Mimi. Akaunyoosha mkono wenye kikwembe. "Basi Mama wa Kolwezi njo weye. Vaa." Nikasema Nkambo, tafadhali, siwezi. "Vaa, nasema! Vaa ubakaribishe bageni, bukari inapoa." Nikakivaa mbele ya mama zangu waliokililia, nikamwekea maji ya kunawa Mama Béatrice, nikamkatia bukari. Nkambo alimpa mgeni kichwa cha samaki. Sijawahi kumwona akimpa mtu kichwa cha samaki, kabla wala baada. Nilikula nikiwa na kikwembe cha bibi yangu mwilini na sikujua kama ni adhabu au ni zawadi, na mpaka leo sijui, na hakunieleza.

Jumatatu aliniita barazani, bila koti. "Sasa soma. Usiweke sukari." Nikamsomea yote, kuanzia ya kwanza. Si mzee wa hekima aliyekuwa anasikiliza. Alitukana, aligonga mkongojo, alimwita mtu wa Burundi jina ambalo siwezi kuliandika. "Uyu, futa aksanti yangu! Sikumupatia!" Nikafuta. "Na uyu, futa!" Tulifuta siku nyingi. Ya Mama Béatrice peke yake aliiacha, akasema huyo alikuja kwa miguu yake. Waliompenda mtandaoni wakalalamika, kisha wakaondoka, na mtandao, ulipoona watu hawajibizani tena, ukatuacha. Niliirudisha video ile nzima, na sauti yake mwanzoni ikiwaita wajukuu. Karibu hakuna aliyeitazama. Nkambo aliisikiliza mara moja, akasema, "Sasa njo iko sawa," akalala.

Mwezi uliopita sebule ilikuwa ile ile, mikeka ile ile, jeneza mahali pale pale. Mama mkubwa, mzee sasa, ndiye aliyetuita. Nilikuwa nimevaa koti la kijivu la Nkambo juu ya kikwembe cha buluu, kofia yake imenishuka mpaka kwenye nyusi. Nikaketi kando ya jeneza, nikainamisha kichwa upande. Binamu mmoja akaanza: "We muzee, mula bichwa ya samaki! Umetuachia miiba!" Nikauliza kwa sauti ya Nkambo, "Anasema nini uyu?" Na Gisèle, kutoka mlangoni, akapaza sauti: "Anasema pole, Nkambo!" Nyumba ikalipuka. Walicheka wote, mashangazi, majirani, hata fundi viatu, wakinielekezea mimi vidole, na uso ukaniwaka chini ya ile kofia. Nikagonga mkongojo. "Futa! Sikumupatia aksanti!" Wakazidi kucheka.

Kisha Mama Béatrice akanyanyuka polepole kutoka kwenye mkeka. Alikuwa amekula kwetu Jumamosi nyingi tangu siku ya yule kuku. Akasema yeye si mjukuu, lakini ana neno moja, na akaomba ruhusa. Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa. Mama Béatrice akaweka mkono juu ya jeneza, akasema: "Muchawi weye."

Kicheko kikakatika. Niliinamisha kichwa. "Anasema nini?"

Gisèle akatoka mlangoni, akasogea karibu na jeneza. Kisha akasema, "Anasema muchawi, Nkambo."

"Andika," nikasema. "Aksanti, mutoto yangu. Ukae, tukule."